Bei Nne za Nyumba ya Pongwe

Kutafuta dalali wa kuuza nyumba yetu ya Pongwe kumenigharimu shilingi laki mbili na elfu kumi na nne. Nimezihesabu mara mbili: mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili kwa kalamu. Nyumba yenyewe ipo palepale, haijauzwa hata mlango.

Nyumba alituachia mama, mimi na dadaangu. Dada ni mjane, kanizidi miaka saba, na ndiye anayeishi humo. Alikuwa kapata kiwanja Muheza karibu na binti yake, kalipa nusu, na mwenye kiwanja kampa hadi mwisho wa mwezi amalizie. Akaniita. "Mdogo wangu, wewe ndiye mjanja wa bei. Tafuta dalali, mie nitatia sahihi." Mtu kama mimi ukimwambia maneno hayo, hata njaa haisikii tena.

Dalali na cha juu chake tunakijua. Unamtajia thelathini, anamwambia mnunuzi thelathini na tano, ile tano inalala mfukoni mwake, kisha anakuja kwako na uso wa msiba kudai asilimia. Mimi sikukubali kuliwa kishamba hivyo. Nikaita madalali watatu, kila mmoja siku yake, na kila mmoja nikampa bei yake, ili nisikilize mtaani nani kaongeza ngapi. Atakayeongeza kidogo ndiye nitakayemchagua. Niliona nimevumbua kitu.

Wa kwanza alikuwa mzee wa kanzu, aliyefungua kikao kwa dua ndefu mpaka nikaona haya kutaja pesa. Nikampa shikamoo, nikampa na bei ya milioni thelathini. Vyote akavipokea kwa upole, kisha akaomba elfu ishirini ya usumbufu, ingawa aliyesumbuka mpaka hapo ni mimi.

Wa pili alikuja na bodaboda iliyomngoja nje kwa gharama yangu. Akapiga picha mpaka chooni. "Bosi, hii inauzika kabla ya adhuhuri," akasema, naye kafika saa nane mchana. Nikampa thelathini na tatu.

Wa tatu ni mama anayeuza chai karibu na kituo cha mabasi. Ofisi yake ni meza ya vitumbua na simu mbili.

"Kaka, umempa na mwingine?"

"Wewe peke yako, dada."

"Haya. Wote husema hivyo."

Nikampa thelathini na sita.

Nilichosahau ni kwamba Pongwe madalali ni wengi kuliko wanunuzi. Wiki ile mwenye pesa mkononi alikuwa mmoja tu, mama mfanyabiashara wa machungwa kutoka Muheza. Jumatatu mzee wa kanzu akamleta kwa thelathini na nne. Jumatano wa bodaboda akamleta kwa arobaini. Ijumaa mama wa chai akamleta kwa thelathini na nane, nami nilikuwepo. Mara zote hizo dada ndiye aliyefungua mlango, akatoa maji ya kunywa, akasikiliza.

Nikiri kwamba jaribio langu lilifaulu. Mama wa chai kaongeza mbili tu. Lakini mnunuzi alishavaa viatu.

"Baba, nyumba moja ikiwa na bei tatu, basi ina wenyewe watatu," akaniambia. "Mie nauza machungwa, sinunui kesi."

Mama wa chai akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Peke yangu, eeh," akasema, akamfuata mteja wake.

Tukabaki mimi na dada. Yeye nilikuwa nimemtajia ishirini na nane, nikiogopa asije akaropoka bei ya chini mbele ya wateja. Hiyo ndiyo sababu, na hata mimi nikiisikia sasa naiona ina harufu.

"Kumbe dalali wa nne ni wewe," akasema taratibu, akakusanya vikombe.

Kesho yake ukutani palikuwa na maandishi mekundu, makubwa, kama tuyaonavyo kwenye nyumba za ndugu wanaogombana: NYUMBA HII HAIUZWI. Chini yake namba ya simu, ya kwake.

Mama wa chai, Mungu amlipe maana mimi bado, kamrudisha yule wa machungwa. Atatoa thelathini na sita, kwa sharti moja: mimi na dada tukae mbele ya mwenyekiti wa mtaa tutaje bei moja. Zimebaki siku tisa kiwanja cha Muheza kiende kwa mwingine. Nikimpigia dada hapokei, nikienda ananikaribisha kama mgeni, "Karibu, tukusaidie nini?", na mlango anaushikilia.

Kwa hiyo naomba ushauri, kwa yeyote aliyewahi kumficha bei mtu aliyembeba mgongoni utotoni. Nikifika pale mlangoni, sentensi ya kwanza iwe ipi?