Uzi Pamoja na Habari

Siku mkuu wa shule aliponiita ofisini ili anipongeze, nilitamani kumrushia kiti. Sikumrushia. Mimi ni mshonaji wa nguo hapa Nyakasanza, na mshonaji anayejulikana kwa kurusha viti hapati wateja.

Pongezi zilikuwa za binti yangu wa miaka tisa, aliyekuwa ameanza dawa mwezi ule. Zamani niliitwa pale kwa malalamiko tu: hakai, anapanda madirisha, anajibu swali kabla halijaisha. Mtaani nilipewa ushauri mwingi kuliko salamu. Huyu alisema ni pepo, yule alisema fimbo imekosekana. Niliwaacha waseme, nikampeleka kwa daktari wa mambo ya akili. Akanipa herufi nne za Kifaransa, TDAH, kisha akanieleza kwa maneno ya kawaida kwamba akili ya mtoto huyu hutangulia mbio na mwili huifuata. Alisema kidonge ni mwanzo tu. Kazi yangu ni kumtazama mtoto: anakulaje, analalaje, anafanyaje akitumwa. Kisha nirudi nimweleze, ndipo atajua kama dawa inatosha au imezidi.

Kutuma ndiyo kazi niliyoijua. Kabla ya dawa, nilipomtuma sokoni achukue uzi mweusi kwa mama mmoja aliyehamia kutoka Butembo, alirudi mikono mitupu na habari tele. Pikipiki ya kuku imeanguka na kuku wamekimbilia kanisani. Mama wa uzi amepata mjukuu. Mchimba dhahabu mmoja amenunua redio, haisemi, anaipiga makofi. Nilimgombeza, nikafunika mashine, nikaenda kuutafuta uzi mwenyewe huku nikicheka njiani.

Baada ya dawa, alirudi na uzi. Mweusi, kama nilivyosema. Aliuweka juu ya mashine akaketi. Nikamuuliza sokoni kuna nini, akasema hakuna kitu. Sahani ya sombe, majani ya muhogo niliyompikia, aliisukuma kando. Nilifurahia uzi, sitadanganya, lakini ile "hakuna kitu" ilinichoma. Soko la Nyakasanza halijawahi kukosa kitu.

Sasa mkuu wa shule, mama wa heshima mwenye miwani ya kamba shingoni, alikuwa ananiambia, "Mama, mutoto iko muzuri sasa. Hasumbue tena mutu." Akanipeleka mpaka dirisha la darasa nijionee. Binti yangu alikuwa benchi la mbele, kichwa juu ya mikono, macho yamefumbwa nusu. Wenzake walikuwa wanaandika.

"Iko analala, Madame," nikasema.

"Iko anatulia," akanijibu.

Hapo ndipo kile kiti kiliponijia akilini. Nilimwambia kwamba narudi kwa daktari kumweleza kuwa dawa imezidi. Akasema, kwa sauti laini ya watu waliokwisha kuamua, kwamba dawa ikiguswa na fujo zikarudi, nafasi ya mtoto atapewa mwingine mwisho wa muhula. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

"Madame, sikuleta mutoto hapa akuwe kiti," nikamwambia, nikaondoka.

Daktari hakubishana. Alikuwa amepata habari za shuleni tu, kwamba mambo yanakwenda vizuri. Nikamweleza habari ya sombe, ya uzi, na ya soko lisilo na kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapunguza dawa, akasema niendelee kumtazama.

Wiki zilizofuata hazikunyooka. Siku moja aliniletea uzi wa buluu, siku nyingine akasahau hata alikotumwa. Shuleni walisema anasimama-simama. Nikawajibu kwamba ana miguu. Lakini usiku niliogopa, maana nafasi ile ikipotea sikujua shule gani ingempokea. Halafu siku moja aliingia na uzi mweusi mkononi, akaanza kunisimulia mbuzi aliyekula kofia ya polisi, akamaliza sahani yake akaomba nyingine. Nililia mbele ya mteja, na sikuona haya.

Mwisho wa muhula mkuu wa shule akaniita. Mtoto bado anasimama, akasema. Nikamuuliza kama wamewahi kumtuma. Akasema hawajawahi, kwa sababu angepotea.

"Mumutume basi."

Akamtuma achukue chaki kwa mwalimu wa darasa la sita, ng'ambo ya uwanja. Tukangoja. Nilikaza uso, lakini moyoni nilikuwa naomba. Akarudi anahema, akaweka boksi la chaki mezani, halijafunguliwa. Kisha, bila kuulizwa, akatoa habari.

"Madame, batoto ya sixième banacheza. Maître iko analala, kichwa juu ya meza. Chaki nimeitwaa mwenyewe."

Mkuu wa shule alivaa miwani yake, akasimama, akaelekea mlangoni kwa haraka ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Mumuache, Madame," nikamwambia. "Iko anatulia."

Nafasi ya binti yangu haikutajwa tena.