Kwa Nini ya Tano

Saa moja asubuhi, king'ora cha kiwanda cha nguo kinalia na cherehani zinaanza kunguruma kwa pamoja. Kwenye meza iliyo mwisho wa safu, mwanamke mwenye miwani iliyoungwa kwa uzi ananyanyua shati jeupe, analigeuza, anapitisha kidole gumba kwenye kola. Analiweka upande na kuchukua jingine.

Kola ya hili la pili imepinda. Anavuta kibodi, anaandika.

Wenzake humwita Mama Kasoro. "Mwanzoni nilikasirika," anasema bila kuacha kazi. "Siku hizi hata mume wangu akiniita hivyo naitika."

Kazi yake haiishii kutenga mashati mabovu. Kila kasoro huiingiza kwenye programu ya kompyuta pamoja na chanzo chake. Programu hairidhiki na jibu moja. Humuuliza kwa nini, na akijibu humuuliza tena kwa nini juu ya jibu lile lile, hadi mara tano, ili ufikiwe mzizi wa kosa na kosa lisirudi.

"Ni kama mtoto mdogo. Kwa nini, kwa nini," anasema. "Tofauti ni kwamba mtoto ukimpa pipi hunyamaza."

Anasema hivyo bila kucheka.

Mwaka jana kola zilianza kupinda. Zilitoka kwenye cherehani moja, ya wifi yake, dada wa mumewe, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyepewa kola kwa sababu hapakuwa na mkono uliotulia kama wake. Ndiye pia aliyemwombea Mama Kasoro kazi pale, akamfundisha kukagua mshono, akawa anamgawia chakula chake hadi mshahara wa kwanza ulipotoka.

"Wifi ndiye aliyenishika mkono. Bila yeye hata getini nisingefika."

Kwa wiki kadhaa aliandika kwamba chanzo hakijulikani. Kompyuta ikatoa ripoti, na humo chanzo kisichojulikana kikawa kinaongoza. Msimamizi wa ubora akaamua kosa ni la cherehani.

Fundi mashine akabadilisha sindano, akabadilisha uzi, akaifungua cherehani yote na kuifunga upya. Kola hazikunyooka. Akapewa barua ya onyo, kisha ya pili. Ya tatu humtoa mtu kazini.

"Nilifika mahali nikawa siamini mikono yangu," anasimulia fundi huyo, mtu mzima mwenye mvi, akijifuta grisi. "Usiku naota skrubu."

Mama Kasoro alikuwa anajua. Alishaona wifi yake ameacha kujaza kikombe cha chai. Alishaona namna anavyoukalia mkono wa kulia wageni wakija. Alimuuliza mara moja, akajibiwa kuwa ni uchovu tu. Hakuuliza tena.

"Niliogopa jibu," anasema.

Siku moja fundi alimfuata mezani na barua yake ya pili. "Dada, wewe ndiye unayeandika," alimwambia. "Andika unachokiona."

Alipobaki peke yake alivuta kibodi. Kwa nini kola imepinda? Mshono umehama. Kwa nini? Kitambaa kimeteleza. Kwa nini? Hakikushikwa sawasawa. Kwa nini? Mkono wa mshonaji unatetemeka. Kwa nini?

Hapo aliandika neno, akalifuta. Kisha akaandika: Ni mgonjwa, na anaogopa kusema.

Fundi alibaki na kazi yake. Wifi aliitwa ofisini kesho yake, na mkataba wake ulipokwisha haukuongezwa. Hospitali ikasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Dawa hupunguza mtetemo, lakini haziuponyi. Hajafika miaka hamsini, na watoto wake wawili bado wako shuleni.

Nyumbani kwa Mama Kasoro hapakuwa na ugomvi. "Mume wangu alisema, 'Ulichoandika ni kweli.' Halafu akachukua mto wake akaenda kulala sebuleni. Alirudi baadaye. Mpaka leo hatujalizungumza."

Wifi mwenyewe anaishi mitaa michache kutoka kiwandani. Anapokea mgeni akiwa ameubana mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Dirishani kwake kuna cherehani ya miguu iliyofunikwa shuka.

"Fundi naye ana familia," anasema taratibu. "Ningekuwa mimi pale mezani, huenda ningeandika hivyo hivyo. Hilo simlaumu."

Anauangalia mkono wake.

"Ila jioni ile, kabla sijaitwa ofisini, tulitoka kazini pamoja. Tumetembea njia nzima, ananisimulia sabuni ilivyopanda bei. Kumbe ameshaandika. Kompyuta imeambiwa kabla yangu. Wifi yangu, tunakula sahani moja, alishindwa nini kuniambia?"

Mama Kasoro anapofikishiwa maneno hayo, anavua miwani na kuishika mapajani. Shati lililo mbele yake linabaki halijakaguliwa.

"Ana haki," anasema. "Skrini haikutazami usoni. Yeye angenitazama."

Tangu siku ile hajaingia kwa wifi yake. Mwisho wa mwezi hununua dawa na kumpa mumewe azipeleke. Mara mbili aliongozana naye, akaishia kona ya mtaa.

Jumapili hii anataka kwenda peke yake.

"Nitapiga hodi," anasema. "Akinikaribisha, nitaingia. Asiponikaribisha, nitakaa pale nje mlangoni nimwambie: wifi, mkono wako unatetemeka, nimeuona, naogopa. Najua nimechelewa. Lakini nataka ayasikie kutoka mdomoni mwangu."