Kiti cha Kambo Ndani ya Gari la Mbio

Enzi zetu, ninyi mliokulia kandokando ya ziwa Mweru mtanishuhudia, saa tulizisikia na kuzinusa. Asubuhi ilikuwa harufu ya chisense, vile visamaki vidogo, vikitandazwa mchangani kukauka. Mchana ulikuwa mdundo wa vinu vya muhogo. Jioni, kwetu karibu na Kafutuma, ulikuwa mngurumo wa gari la Baba likirudi kutoka Nchelenge. Lilisikika likiwa bado mbali kabisa, na Mama alikuwa anasema, "Songeni bukari, Manda anakuja." Bukari ndiyo ugali wetu.

Manda ni samaki mwenye meno makali na mbio nyingi. Jirani zetu Wabemba ndio waliolipa gari jina hilo kwa sababu ya vyuma vyake vya mbele vilivyofanana na meno. Lilikuwa gari la Kijapani la mbio, jekundu, la milango miwili, limelala chini karibu na ardhi, na hata wakati ule lilikuwa la zamani. Baba alikuwa fundi wa magari kule Kongo. Mfanyabiashara mwenye gari alipohamia mbali alimwachia, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeweza kuliwasha. Vita ilipotufukuza tulivuka ziwa kuja Zambia bila gari. Mambo yalipotulia Baba alirudi, akalivusha Manda juu ya mbao zilizofungwa kwenye mitumbwi miwili, na vioo vya pembeni vikavunjikia njiani. Mama alizoea kusema kwamba kama ni yeye aliyeachwa ng'ambo, pengine angengoja zaidi.

Vijana wa leo, taa moja nyekundu ikiwaka kwenye gari wanapiga simu na kukaa pembeni kupiga picha. Sisi Jumamosi yetu ilikuwa ya Manda. Baba alilala chini ya gari, zikionekana soksi tu, na sisi watoto tulikaa mchangani na kopo la mafuta ya taa tukisafisha bolti, moja moja, tukizipuliza mpaka midomo ikawa na ladha ya chuma. Bolti ikipotea mchangani, hakuna aliyekula mpaka ionekane. Baba alikata gasketi kwenye makatoni, akafunika mdomo wa kabureta kwa soksi ndefu ya Mama ili vumbi lisiingie, akaliinua gari kwa springi za pikapu ili lisikwame kwenye mchanga, na chini ya tumbo akalishonea bati la pipa. Lakini bodi yake hakuigusa. "Sura yake muiache vile Bajapani baliifanya," alisema. Aliisugua kwa kipande cha kitenge mpaka tukajiona humo, na mimi ndimo nilimojifunzia kusuka nywele zangu mwenyewe.

Sasa niwaambie habari za Kambo, bibi yetu mzaa mama. Aliishi nasi, nyumba yake ikiangalia yetu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumtazama Baba usoni. Haikuwa chuki. Ilikuwa kizila, yaani mwiko wa mama mkwe na mume wa binti yake: hawali pamoja, hawakai karibu, hawasemezani. Baba akikaribia uani alikohoa, Kambo akajifunika kitenge na kuingia jikoni. Mwiko huo huondolewa kwa chakula maalumu, mbele ya kaka za mama mkwe, na kaka za Kambo walibaki ng'ambo bila habari. Watu walipomwambia kwamba huku ni Zambia, mambo yalegezwe kidogo, alijibu, "Kizila haikubakia ng'ambo. Tulivuka nayo."

Kwa hiyo sisi watoto ndio tuliokuwa posta yao. Kambo alikaa mlangoni pake, Baba amelala chini ya gari hatua chache tu, na Kambo ananiambia, "Feza, umwambie baba yako mvua inakuja." Naenda, nainama, namwambia Baba mvua inakuja. Baba, aliyesikia kila neno, anasema, "Umwambie kambo yako, merci." Narudi na merci yangu. Tulidhani kila nyumba duniani iko hivyo.

Halafu Kambo akajikata kwa jembe, juu kidogo ya kifundo cha mguu, na kidonda kikakataa kupona. Pale kliniki ya Kafutuma nesi alikitazama, akasema aende hospitali kubwa kule mjini, na aende kila wiki kuoshwa, la sivyo mguu utakatwa. Alilisema kwa upole, lakini alilisema. Kambo alikuwa analima muhogo kwa miguu hiyo, na ndiyo iliyomvusha msituni wakati wa vita akiwa amembeba kaka yangu mgongoni. Siwezi hata leo kueleza hofu tuliyokuwa nayo.

Walimpeleka kwa baiskeli, mguu ukagonga spoki na kidonda kikafunguka upya. Walijaribu mtumbwi, maji yakaingia kwenye bandeji, na nesi akaukataza. Minibasi haikuingia kwenye njia yetu. Lilibaki Manda, na dereva wa Manda alikuwa mmoja tu. Mama alijaribu kujifunza, naye aliweza vizuri kabisa kuondoka. Kusimama ndiko kulikomshinda, akaingia kwenye lundo la muhogo wa jirani, akatoka na unga mpaka kwenye kope. Alitupa ufunguo akasema hashiki tena usukani wa samaki.

Nani basi angemshawishi Kambo apande? Ndani ya gari la mbio, nyuma hapatoshi hata mbuzi, na mbele watu wanakaa bega kwa bega. Kufika huko nyuma ilimpasa akunje kiti na kupita mgongoni mwa mkwe wake. Mchungaji alikuja kumwombea na kumsihi. Kambo alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mchungaji, muguu wakate. Mi siwezi kuikala pembeni ya bwana ya mutoto wangu." Naye Baba hakuwa tayari kumlazimisha. Angelazimisha, angemwokoa mguu na kumvunjia heshima.

Siku moja baada ya kanisa Baba alisimama nyuma ya Manda muda mrefu, mkono juu ya bodi ile nyekundu. Kisha alikwenda kumwita Ba Mwape, fundi wa mitumbwi wa kijijini, akaja na msumeno wa chuma. Sisi tulianza kulia kama kuna msiba. Kaka yangu alimshika Baba suruali, akamwuliza kwa nini anamkata Manda. Baba alimtoa mkono taratibu, akasema, "Gari ni chuma, chuma banachomelea. Muguu ya mutu, nani atachomelea?"

Walikata mgongo wa gari, buti lote na kioo chake, wakatengeneza mlango mkubwa unaofunguka kwenda juu na kubaki wazi safarini. Kiti kidogo cha nyuma walikitoa, wakaweka kipana, na hapo ndipo penye ajabu: walikifunga kikiangalia nyuma. Mtu angeingia kwa mlango wake mwenyewe, akae akimpa dereva kisogo, mguu ameunyosha juu ya mto. Kati ya kiti hicho na cha Baba walipigilia ubao wa mtumbwi, ukiishia mabegani. Ba Mwape aliziba nyufa zote kwa pamba na lami kama anavyoziba chombo cha kuingia ziwani, akaapa kwamba hata likitumbukia Mweru litaelea. Watu walikuja kutazama kutoka vijiji vya mbali. Wengine walicheka mpaka wakakaa chini.

Kambo alikuja kulikagua kwa fimbo yake, Baba akiwa amejificha nyuma ya nyumba. Alizunguka, akagonga ubao, akakaa, akanyosha mguu. Kisha akaniita. "Feza, umwambie baba yako: na ile kioo ya katikati? Si ataniona ndani yake?" Nilikimbia. Baba akasema ataona kisogo tu. Nikarudi nalo. Kambo akafikiri, akasema, "Hata kisogo ni ya mama mukwe." Baba alikuja baadaye na bisibisi, akaking'oa kioo, akampa Mama, naye akakitundika chumbani akawa anajitazamia.

Wiki hiyohiyo tulianza safari za hospitali, na mimi nilikaa na Kambo kule nyuma, kazi yangu ikiwa posta. Ee jamani, raha ile. Watoto wengine waliona dunia inakuja, sisi tuliiona inakwenda: mashamba ya muhogo, watoto waliotukimbiza, ziwa, na kisiwa chake cha Kilwa kikizama taratibu kwenye ukungu. Kambo alibeba muhogo wa kuchoma na chupa ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, akaimba nyimbo za kanisani za kwao, na vumbi likatupaka sote rangi moja. Kwa kuwa Baba hakuwa tena na kioo, Kambo ndiye aliyekuwa kioo chake. "Umwambie baba yako kuna lori." "Umwambie baba yako yule wa baiskeli amelewa, amwache apite." Baba alitii kila neno. Sijawahi kuona dereva aliyelindwa vizuri hivyo.

Siku moja, karibu na njia ya kuingilia hospitali, jua lilikuwa kali na mimi nilikuwa nimesinzia. Baba alianza kukata kulia. Lori la samaki lilikuwa nyuma yetu, nalo likatoka kutupita kwa upande uleule, mbio, likipiga kelele za matairi. Kambo aliliona. Alinitikisa, sikuamka. Akageuka, akapiga ubao kwa ngumi, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Baba Feza, simama."

Breki ndiyo iliyoniamsha. Lori lilipita karibu kiasi kwamba maji ya barafu ya samaki yaliturukia usoni. Kambo alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono miwili. Baba hakugeuka. Aliingia hospitalini polepole na kuegesha. Hakuna aliyenituma neno lolote siku ile, kwenda wala kurudi.

Kesho yake Kambo alikamata kuku wake anayetaga, akampika mzima bila kumkata hata bawa, akasonga bukari kwa mkono wake. Sisi tulijua maana ya kuku mzima. Hicho ndicho chakula cha kuondoa mwiko, ila hapakuwa na kaka hata mmoja wa kushuhudia. Alivuka ua akichechemea, sahani mikononi, akasimama mbele ya Baba aliyekuwa ameduwaa na spana mkononi. Akaondoa kitenge kichwani. "Bandugu yangu sijue kama bako bazima," alisema. "Nilikuita bila ruhusa, na Mungu alinyamaza. Basi amekubali. Kula."

Baba alipiga magoti, akapiga makofi ya heshima, akanawa, akala. Machozi yalimtoka, akasingizia pilipili, na sote tulijua Kambo hapiki na pilipili.

Kidonda kilikauka kabla ya mvua zilizofuata. Sisi watoto tukapoteza kazi ya posta, maana wale wawili walianza kuongea kana kwamba wanalipiza miaka yote. Baba alitaka kukigeuza kiti kiangalie mbele kama viti vya watu. Kambo akakataa. "Na nyuma, nani atakuangalilia?" Akaendelea kukaa kule mpaka uzee, akiliongoza gari la Baba kwa mdomo.

Leo mimi mwenyewe ni mama mkwe. Mume wa binti yangu hukaa Ndola, ni kijana mzuri, ananikumbatia hadharani na kuniita "mama" mpaka majirani wazee wanaangalia pembeni. Gari lake lina kioo kinachomwonyesha nyuma kama televisheni, nalo linamwambia kwa sauti ya mwanamke akaribie wapi na asimame wapi. Nilipougua mwaka jana aliniitia teksi kwa simu, ikaja, nikafika salama. Namshukuru kwa moyo wote. Lakini nilipokuwa ndani ya ile teksi, nimekaa kimya nyuma ya mtu nisiyemjua, nilisikia upweke ambao Kambo hakuwahi kuusikia, yeye aliyekatazwa hata kutazamwa.

Baba bado yupo, na Manda yuko uani, amefunikwa turubai. Mwezi uliopita nilikuwa kwake walipokuja vijana wawili wanaokusanya magari ya zamani ya Kijapani. Walishangilia walipoona meno ya mbele. Walitaja namba za injini ambazo mimi sizijui, wakapiga picha. Walipofika nyuma na kuona ule mlango, ubao na lami, nyuso zikawashuka. Mmoja akasema gari la namna hii likiwa zima linatafutwa dunia nzima. Akamuuliza Baba, kwa adabu lakini kwa uchungu, ni nani aliyeliharibu.

Baba alipapasa ule ubao. "Haikuharibika," akasema. "Mama yangu alizikwa na miguu yake yote mbili."

Wale vijana walidhani anamsema mama aliyemzaa. Mimi nilijua, na nilimshukuru Mungu kwamba nilikuwa pale kumsikia.