Leonie Akata Gari Lililojengwa Bila Mlango wa Fundi

Asubuhi ya Jumanne, ndani ya banda la bati karibu na gati la mji wa Port Lincoln, fundi Leonie Bartusch anagongagonga mgongo wa gari jekundu kwa sarafu, sikio likiwa karibu ili asikie palipo wazi ndani. Pembeni, Trevor Skoglund, fundi bomba mstaafu, anakunja kofia yake mikononi.

Gari hilo la faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, Trevor alilijenga na kaka yake, Lindsay, aliyefariki miaka miwili iliyopita. Mpira wa tangi la petroli umepasuka, harufu imejaa ndani, na hakuna pa kupitisha mkono: Lindsay alifunika tangi akaziba kote. Gereji mbili zilimshauri Trevor akate mkia mzima wa gari au alitupe.

Leonie, mwenye miaka hamsini na mbili, alijifunza faibaglasi kwenye karakana ya mashua za kuvulia jodari. Karakana hiyo ilipofungwa alisafisha vyumba vya wageni kwa miaka mitatu. "Nilikuwa natandika vitanda huku nawaza msasa," anasema. Kisha akakodi banda hili.

Tangi limeshaondolewa petroli na kupulizwa hewa tangu jana. Leonie anavaa barakoa, anabandika utepe, anachora dirisha la kukatwa, lenye pembe za mviringo. Pembe kali, anaeleza, huanzisha ufa.

Anatoboa tundu dogo kwanza. Kinachotoka si unga mweupe tu, ni chembe za mbao. Lindsay aliweka ubao wa kuimarisha mahali ambapo hakuna aliyeutarajia. Kuukata ni kuulegeza mkia wote.

Trevor anamwambia basi waache, pengine gari limekataa.

"Gari halijakataa, mzee. Kaka yako ndiye kanifichia ubao," Leonie anamjibu. "Shika huo mpira wa kufyonzea vumbi, uache kunung'unika."

Anang'oa utepe, anatoboa tena upande wa kushoto, anachungulia kwa kioo kidogo. Safari hii pako wazi. Msumeno unaoendeshwa kwa hewa iliyobanwa unaanza kuimba, na Trevor, aliyekusudia kungoja nje, anafuata kila inchi kwa mpira wake.

Kipande kinatoka kizima. Trevor anamulika ndani kwa tochi. Nyuzi zimekunjamana, gundi imechuruzika na kuganda kama uji. Mabega yake yanaanza kutikisika. Anacheka.

"Miaka yote akinisimanga mimi ndiye mchafu wa kazi," anasema, akifuta macho. "Kumbe ni wewe, Lindsay! Umeona ulivyopaka?"

Mchana mpira mpya wa petroli umefungwa. Leonie anajenga ukingo wa faibaglasi ndani ya tundu, ili kipande kilekile kirudi kama kifuniko cha kufungwa kwa skrubu. Fundi mwingine atafungua bila msumeno. Trevor anaomba ndani pasisafishwe wala kupigwa msasa. Leonie anakubali.

Kazi hii ina gharama zake. Mikono ya Leonie humwasha usiku, na daktari amemtaka apunguze kazi. Ndiyo maana kuanzia Februari atawafundisha wengine ufundi huu kila Jumamosi. Wanawake wawili wa kiwanda cha samaki wameshajiandikisha, na mmoja ameuliza kama ataanza kwa kukata.

"Nimemwambia ataanza kwa kuziba," anasema Leonie. "Akishaweza kuziba, hataogopa kukata."

Barakoa za wanafunzi ameshazinunua. Zinaning'inia ukutani, bado ziko kwenye mifuko ya dukani.