Mawe Yaliyokwisha Kuwashwa

Miaka ya tisini, vitu vya Dubai vilipokuwa vinamiminika mjini, baba mkubwa alirudi safari na mashine ya gemu. Baba mkubwa ni mume wa dada yake mama. Alikuwa na duka la vifaa vya umeme, na nyumba yao ya Kinondoni ilikuwa na geti, televisheni kubwa ya rangi na simu ya mezani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Sie tulikuwa Tandika, vyumba viwili vya kupanga, mama na mie na wadogo zangu, na televisheni tuliitazamia dirishani kwa jirani.

Mashine ile aliletewa kaka, mtoto wao wa kwanza. Kaka aliicheza mpaka macho yakawa mekundu, kisha akaenda India kusoma, akamwachia mdogo wake wa kike. Huyo ndiye niliyekuwa namwita dada. Alinizidi miezi michache tu. Tulikuwa kidato kimoja, yeye shule ya kulipia, mie ya serikali.

Kila Jumamosi mama alinituma Kinondoni nikamsaidie mama mkubwa, ambaye alikuwa anavimba miguu na hawezi kusimama jikoni muda mrefu. Nikishafua na kudeki na chakula kikiwa tayari, dada ananiita sebuleni. Yeye anakaa kwenye kochi, mie kwenye zulia, tunawasha mashine.

Gemu yenyewe ilikuwa ya shujaa anayetoka kijiji cha wachunga mbuzi kwenda kumtafuta mfalme aliyefichwa na wachawi. Nchi ya mle ndani ilikuwa kubwa, ina misitu, mabonde, miji yenye kuta. Katika kila mji palikuwa na jiwe refu. Ukifika kwa miguu yako ukaligusa, linawaka buluu, na tangu hapo unaweza kufungua ramani popote ulipo, ukachagua jiwe lolote ulilowasha, na kufumba na kufumbua uko pale. Sie tuliita kuruka.

Safari ya dada ilikuwa ile ile aliyoiacha kaka, na kaka alikuwa ameyawasha mawe yote.

"Twende wapi leo?" ananiuliza, kama mtu anayechagua soda. "Kwenye theluji? Au soko la manukato?"

Kabla sijajibu tumeshafika kwenye theluji. Anazunguka kidogo, anachoka, anafungua ramani, tuko sokoni. Mie nimekaa chini, mikono bado inanuka sabuni ya kufulia. Sikuionea wivu mashine, wala kochi, wala soda za kwenye friji. Nilionea wivu kule kufika. Baba yake alimpeleka shule kwa gari, kwa fundi cherehani kwa gari, na hata mle ndani ya televisheni hakuwa na mahali pa kutembea. Mie kutoka Tandika nilishuka Buguruni, nikangoja gari jingine juani, na nikifika Kinondoni nakumbana na ndoo na dekio.

Siku moja aliniuliza, "Kwani kutoka kwenu huwa unapitaga wapi?"

Nikadhani ananiringia. Nikamjibu, "Napita njiani."

Mashine iliweza kutunza safari tatu. Nilipomwomba nianze ya kwangu, akasema, "Anza tu, nani kakukataza?" Shujaa wangu akatoka kijijini na fimbo na nguo za viraka, bila jiwe hata moja. Nje ya kijiji kulikuwa na msitu wa mbwa mwitu. Waliniua, nikarudi, wakaniua tena. Dada alikuwa anacheka mpaka analala kwenye kochi.

"Bado uko porini tu? Mwenzio nimeshakwenda baharini nikarudi."

Lakini Jumamosi kwa Jumamosi nikaanza kuujua ule msitu. Nikajua mti ulioanguka ambao mbwa hawaupandi. Nikajua mahali ambapo mama mmoja mwenye kibuyu anauza dawa, na kwamba ukimsalimia kwanza anakupa na maji bure. Darasani, mwalimu akiandika ubaoni, mie nilikuwa napita njia ile kichwani. Nilipoufikia mji wa kwanza na jiwe likawaka chini ya mkono wangu, nilipiga ukelele hadi mama mkubwa akaja akichechemea kutoka chumbani.

"Kuna nini humu?"

"Amewasha jiwe, mama," dada akasema. Wakati huo hakucheka.

Nikavuka mji ule nikaingia nyanda za juu. Jumamosi moja niliondoka shujaa wangu akiwa amesimama ukingoni mwa nyanda, mbele yake ukungu. Wiki nzima niliwaza kilichopo nyuma ya ukungu. Nilipika wali wa mama mkubwa kwa pupa Jumamosi iliyofuata, ukaungua chini, nikasemwa, sikujali. Nikawasha mashine, nikafungua safari yangu.

Shujaa wangu alikuwa amevaa koti la chuma. Alikuwa amesimama katikati ya daraja la kamba, juu ya korongo ambalo sikuwahi kuliona. Ng'ambo ya daraja palikuwa na mji, na jiwe la mji ule lilikuwa linawaka, limeshaguswa.

"Nani kacheza safari yangu?"

Dada alikuwa anajichezea kucha. "Mie."

"Si una yako!"

"Yangu ni ya kaka."

"Ina mawe yote!"

"Ndiyo maana." Akanigeukia, na nikaona macho yamemjaa maji. "Wewe hujui. Naruka mahali, nafika, watu wa pale wananipigia magoti, wananishukuru kwa mambo ambayo mie sijawafanyia. Nauliza nilifanya nini, hawasemi. Kila mahali nakuta kumeshafikwa. Wewe ukiwasha jiwe moja unapiga kelele nyumba nzima inasikia. Mie nipige kelele ya nini?"

"Si ungeanza yako. Nafasi ya tatu ipo."

"Nilianza. Mbwa mwitu wakaniua, nikaona uvivu. Wewe ulikuwa umeshawapita."

Kama angenipiga kibao ningevumilia. Kumbe siku zote nilizokuwa Tandika nawaza ule ukungu, yeye alikuwa anaupita kwa miguu yangu. Alikuwa na kila kitu, na kile kidogo nilichokuwa nacho alikuwa anakionea wivu. Nilivaa ndala nikatoka. Mama mkubwa aliniita kutoka dirishani nikale kwanza, nikajifanya sijasikia.

Nyumbani nikamwambia mama siendi tena Kinondoni. Akaniuliza sababu, nikasema tumegombana. Hakunidadisi, akaanza kumtuma mdogo wangu. Mdogo wangu alirudi kila Jumamosi na habari za soda. Salamu hakuleta, na mie sikuuliza.

Kisha Jumapili moja, jua limeshapinda, tukiwa uani tunachambua mchele, tukasikia hodi. Dada alikuwa amesimama mlangoni. Kandambili moja imekatika ameishika mkononi, gauni lake limejaa vumbi jekundu, na uso wake umechoka lakini unang'aa kama wa mtu aliyetoka harusini.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba! Umekuja na nani?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe! Kutoka Kinondoni?" Mama alisimama mchele ukamwagika. "Na baba yako anajua?"

"Mama anajua. Nilitoka asubuhi. Nilifika Buguruni vizuri tu, ila pale nikapanda gari siyo. Nikajikuta Chanika."

Uani watu walicheka wote, wapangaji na majirani. Mama akamkumbatia, akampa maji ya kuoga, akamkaangia samaki tuliyemweka kwa ajili ya usiku. "Mtoto huyu jasiri," anawaambia majirani. "Hajawahi kupanda gari peke yake, na leo kaenda mpaka Chanika karudi!" Dada amekaa kwenye mkeka, anasimulia alivyopitiliza hadi mwisho wa njia, mashamba ya mihogo kila upande, na mama mmoja muuza mkaa aliyempandisha gari la kurudi na kumkabidhi kwa kondakta kama mzigo. Watu wamemzunguka. Mie nimeshika ungo nilioachiwa. Njia ile nilikuwa naipita kila wiki, na sikumbuki kukaangiwa hata yai. Na Chanika nilikuwa sijafika.

Nilipomsindikiza kituoni alinishika mkono. "Njoo Jumamosi. Yako sitaigusa tena, naapa."

Nilikwenda. Safari hii hakunisubiri nimalize kudeki. Aliwasha mashine, akaenda kwenye safari ya kaka, akabonyeza pale pa kufuta. Mashine ikauliza kama ana hakika.

"Dada, usifanye hivyo," nikasema. "Kaka atakasirika."

Akabonyeza. Theluji, soko la manukato, mawe yote, vikatoweka, pakabaki nafasi tupu. Akashusha pumzi, akaanza upya kijijini kwa wachunga mbuzi, na fimbo.

Mbwa mwitu walimla siku nzima. Nilimwonyesha mti ulioanguka. Nilitaka nisimwonyeshe. Na mara alipoupita msitu, basi. Yeye alikuwa na wiki nzima na mie nina Jumamosi tu. Kila nikija namkuta mbele zaidi, ana mambo ya kunisimulia, na mie nimesimama na dekio nasikiliza miji ambayo sijaiona.

Mwezi uliofuata kaka alipiga simu kutoka India. Tulikuwa wote sebuleni. Baba mkubwa aliongea naye habari za ada, mama mkubwa akamuuliza anakula nini, kisha dada akapewa simu. Nilimsikia anasema, "Nimeifuta." Nikajua sasa anatukanwa, na nikiri moyo wangu ulichangamka. Halafu dada akacheka.

"Hapana, niko nyanda za juu. Eeh! Kumbe na wewe yule mama wa kibuyu alikukatalia?"

Hawakuwahi kuongea hivyo, wale wawili. Siku za nyuma simu yao ilikuwa hujambo na sijambo. Sasa dada amejikunja sakafuni na mkonga wa simu sikioni, anauliza, anabisha, anacheka, na mama mkubwa anatabasamu bila kuelewa neno. Mie nilikuwa napangusa meza ile ile mara kwa mara. Sikuwa na kaka wa kunipigia kutoka popote.

"Huyu hapa," dada akasema ghafla, akaninyooshea mkonga. "Kaka anakutaka."

Nikafuta mkono kwenye khanga. "Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nasikia wewe ndiye fundi wa msitu. Uko wapi sasa?"

"Nimepita daraja la kamba," nikasema.

"Daraja! Lile lilinitoa jasho. Ulivukaje?"

Dada alikuwa ananitazama kutoka sakafuni; sie wawili tulijua aliyelivuka daraja lile ni yeye. Nilifungua mdomo, lakini baba mkubwa alikuwa ameshanyoosha mkono anataka simu yake, amekumbuka jambo la ada.