Mbeta Chini ya Trekta

Aibu hii nimekaa nayo miaka mingi, na kila nikikutana na mtu wa kwetu Njombe aliyekuwepo Pasaka ile naona mdomo unaanza kumcheza kabla hata hajanipa mkono, basi leo naisema mwenyewe, na majina nayataja, maana waliohusika wapo na wanakula ugali kama mimi. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetaka maneno mazuri akayatafute kwingine.

Trekta lilikuwa la shamba la serikali. Ilipokuja ile miaka ya ruksa, shamba likafungwa, sisi madereva tukaambiwa ahsanteni nendeni nyumbani, mitambo ikauzwa. Kikundi chetu cha wakulima tukachangishana tukanunua trekta moja kuukuu (nililijua vizuri, nimeliendesha tangu nikiwa na meno yote), na mimi nikawekwa dereva, lakini dereva wa majaribio. Kwa nini majaribio? Kwa sababu nilikuwa nimetengwa kanisani kwa ulevi. Sikatai. Nilipofukuzwa kazi niliunywa ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, mpaka mianzi yenyewe ikanizoea. Lakini nikaacha, mwaka mzima sikutia tone mdomoni, na Mchungaji akaniambia, "Baba Neema, Pasaka hii nitakuita mbele ya usharika, urudi kundini." Kikundi nacho kikasema siku nikirudi kundini, trekta ni langu kuendesha moja kwa moja. Basi Pasaka ile nilikuwa nahesabu siku.

Katibu wa kikundi alikuwa Zakaria, shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Huyu ndiye mkosaji wa kwanza, namtaja kabla sijasahau, ingawa sijawahi kusahau.

Kama wiki tatu kabla ya Pasaka usukani ukaanza kuwa mzito, na kila nikikata kona unalia kama nguruwe aliyeshikwa mguu. Trekta lile lilikuwa na usukani wa pawa, kuna jeki ndogo huku chini inayosukuma matairi ya mbele kwa nguvu ya oili, na nilipochungulia nikaona sili yake, ile raba ya kuzuia oili, imekufa, oili inadondoka tone, tone, tone. Nikapanda gari kwenda Makambako, kwenye duka la spea la Mzee Salum.

"Ya zamani iko wapi?" Mzee Salum akaniuliza.

"Ipo kwenye trekta."

"Sasa hii nitaipimaje, bwana, kwa kukuangalia usoni?" Wateja wakacheka. "Kaifungue uniletee nikulinganishie. Sili siyo kofia, kwamba utaivaa hata ikipwaya."

Alisema kweli yule mzee. Katika watu wote wa mkasa huu ni yeye peke yake aliyesema kweli, na mimi ndiye niliyemwona mwongo, nikajisemea hawa wafanyabiashara wanataka turudi mara mbili mbili ili tununue na vingine. Lakini wacha niseme yote: nilikuwa naogopa kuifungua ile jeki. Kule shamba la serikali dereva alikuwa anaendesha tu, kufungua ni kazi ya fundi, na nilijua nikiifungua ikanishinda kuirudisha, Zakaria atasema nimeua trekta. Nikarudi mikono mitupu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Natembea kutoka barabara kuu kwenda nyumbani, napita kwenye mianzi, naona mbeta zimefungwa kwenye vikonyo vilivyokatwa, ulanzi unadondoka ndani tone, tone, tone. Nikasimama. Nikasema, kumbe! Kama ulanzi unakingwa, oili itashindwaje? Nikachukua mbeta moja ya zamani, kipande cha mwanzi kama urefu wa mkono hivi, nikaifunga kwa waya chini ya jeki, oili inadondoka ndani yake, ikijaa naifungua, naimimina tena juu kwenye tanki lake, safari inaendelea. Sili ya nini?

Zakaria alipoona akapiga makofi. "Shemeji, wewe ungesoma ungekuwa waziri!" Na waya wa kufungia alinikatia yeye, kwa mikono yake. Mkumbuke jambo hilo.

Ikaja Pasaka. Mvua imeanza alfajiri, ile mvua yetu ya baridi isiyokuwa na haraka ya kwenda popote. Kazi yangu ilikuwa kupeleka kwaya ya mtaa wetu usharikani, watu ishirini kwenye tela wamejifunika turubai, wanaimba, Zakaria amekaa kwenye madigadi pembeni yangu na suti yake. Mimi nimevaa shati jeupe alilonipigia pasi mama Neema mara mbili. Njiani nikasimama mara tatu, nikashuka, nikainama, nikafungua mbeta, nikamimina, nikaifunga, nikapanda. Nilichosahau (na huu ndio upumbavu wangu, siwezi kumpa mwingine) ni kwamba mbeta ilikuwa wazi juu, mvua inaingia, na matairi yanarusha maji ya matope humo humo. Kwa hiyo mara zote tatu niliunywesha usukani maji.

Tulipoanza kushuka kale kamteremko ka kanisani usukani ukageuka mwendawazimu. Nazungusha, hakuna kitu, nazungusha tena, hakuna kitu, halafu wote unakuja kwa mpigo, trekta linaruka kushoto, nalirudisha, linaruka kulia. Chini pale vijana wamejenga upinde wa matawi ya misonobari na maua, na chini ya upinde imesimama kwaya ya wageni kutoka Makambako, kanzu nyeupe tupu. Nikapiga kelele, "Ondokeni!" Wao wakadhani nawasalimia, wakainua mikono na kuimba.

Namshukuru Mungu hakuna aliyeguswa, waliruka wote. Lakini waliruka kwenye dimbwi. Upinde nikaondoka nao, trekta likasimama kwenye ukuta wa tuta la maua na mimi nimevikwa matawi shingoni kama bwana harusi, na kule kwenye tela sauti ya kwanza yote imelaliana juu ya besi.

Watu wakakimbia kuja, na mmoja akainama mbele ya trekta, akainuka na neno moja tu:

"Mbeta!"

Jamani. Kwetu ukisema mbeta hakuna anayeuliza ya nini. Nikasikia mama mmoja anasema, "Yesu wangu, kumbe alikuwa anakunywa njiani!" Na kwaya yangu mwenyewe, watu niliowabeba, wakaanza kutoa ushahidi: "Ndiyo! Amesimama mara tatu! Anashuka, anainama na mbeta, anarudi!" Mzee wa kanisa mmoja akaifungua, akaimimina kiganjani. Ikatoka nyeupe, na povu juu. Oili ikipigwa na maji inakuwa kama maziwa, fundi yeyote atakwambia, lakini pale hapakuwa na fundi, palikuwa na waumini, na mbeta yenyewe ilikuwa imeloana ulanzi miaka na miaka, hata ungeitia maji ya ubatizo ingenuka kilabu.

"Ni oili!" nikasema. "Ni oili ya usukani! Shemeji, waambie!"

Zakaria akaangalia viatu vyake. Mtu aliyenikatia waya! Akasema polepole, "Mimi nilikuwa nimeangalia mbele, shemeji. Sikuona vizuri unafanya nini."

Hasira ilinipanda nikawa sioni. Nikainyang'anya ile mbeta, nikasema mlevi humeza, mimi nitaitema mbele yenu muone kama ni pombe, nikaibugia. Nia yangu ilikuwa kutema tu. Lakini oili ikitangulia kooni haikuombi ruhusa, nikapaliwa, nyingine ikashuka, na yote niliyokula tangu asubuhi yakapanda, yakamwagika kwenye pindo la joho la Mchungaji.

Hakunifokea. Heri angenifokea. Alisema, "Baba Neema, nenda nyumbani ukalale."

Mke wangu alinipokea mlangoni, akaninusa, akasema, "Wewe unanuka gereji." Nikamwambia basi kawaambie! Akanijibu, "Zakaria ni kaka yangu, Baba Neema, usiniweke katikati."

Trekta akapewa Elia, mkwe wa Zakaria, mnaona jinsi njia ilivyokuwa imenyooka. Na Elia alifanya nini? Akaifungua ile jeki, akaitoa sili mbovu, akampelekea Mzee Salum, akalinganishiwa, akarudi akaifunga, akatia oili mpya, akazungusha usukani huku na huku mpaka hewa ikaisha. Kazi ya siku moja. Nilikuwa nimesimama pembeni naangalia. Kwa hiyo kila mtu alijua oili ilikuwa inavuja, na hakuna aliyefungua mdomo. Nikaenda kwa Mchungaji, akaniambia, "Inawezekana ilikuwa oili. Lakini watu wameona walichoona. Tubu tu, yaishe."

Nikakataa. Miezi sita nilikataa. Halafu binti yangu Neema akaposwa, akaja jikoni akakaa, akasema, "Baba, nani atanishika mkono kuniingiza kanisani?"

Basi nikasimama mbele ya usharika mzima, nikasema nililewa siku ya Pasaka, naomba mnisamehe. Zakaria alikuwa benchi la mbele, na ile "Amina" yake ilizidi za wote, akaja akanikumbatia, "Karibu nyumbani, shemeji." Na mimi nikamwambia ahsante. Mnaonicheka kwa upinde na matapishi, mnacheka kidogo mno, aibu yangu mimi ni hiyo ahsante.

Kitu kikivuja, kizibe, usikikinge, hilo nimewafundisha hata wajukuu. Lakini kiapo changu ni kingine: sitatubu tena dhambi ya kusingiziwa, hata wanifungie mlango wa kanisa mpaka siku ya kuzikwa kwangu. Zangu mwenyewe ninazo, na zinanitosha.