Bei Nilipandisha, Fungu Sikupunguza

Nilipandisha bei. Nalisema mapema ili usije ukadhani huko mbele nitakana. Mwaka ule wa kujifukiza, nyumba nzima inajifunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi, mimi niliuza fungu la malimao kwa shilingi elfu moja, wakati siku zote lilikuwa mia tano. Niliuza hivyo mchana kweupe, sokoni Sumbawanga mjini, kwenye meza niliyoachiwa na marehemu mama yangu, na bei niliiandika mwenyewe kwa mkaa kwenye kipande cha boksi ili asiyejua kuuliza asome. Boksi lile ndilo lililoniponza.

Watu wa mbali wanadhani kila mahali Tanzania limao linaota nyuma ya choo. Huku kwetu juu uwandani ni baridi na upepo, maharage na mahindi yanakubali, lakini mlimao ukiupanda unakutazama tu. Malimao yetu yanapanda mlima kwa Fuso kutoka bondeni Rukwa, mengine kutoka kule chini ziwani. Siku zote nilikuwa nanunua gunia kwa kijana mmoja dereva, tunataniana, ananipunguzia. Wiki ile homa ilipoanza kutajwa redioni, akashusha gunia na kutaja bei mara mbili ya ile ya juzi. Nikamwambia, "Kaka, malimao yameota dhahabu siku hizi?" Hakucheka. Akasema nichukue au niache, nyuma yangu kuna akina mama sita wanasubiri. Nikageuka nikawaona, nikachukua.

Sasa nieleze fungu, maana kesi yote iko hapo. Mama yangu alinifundisha kupanga malimao nikiwa sijaanza shule: manne chini, moja juu. Matano. Nikiweka manne alinipiga vidole kwa kijiti cha ufagio. Alikuwa akisema mteja akishaona fungu la meza yetu asihesabu, aweke tu kwenye kikapu aende zake. Na ni kweli hawakuhesabu. Kuna wateja kutoka Kate na Mwimbi waliokuja mjini mara moja kwa mwezi, wakanunua kwa mama, na mama alipofariki wakanunua kwangu, na sijawahi kumwona hata mmoja akigusa fungu kwa kidole.

Basi gari la matangazo likapita. Sauti ikasema hii ni dharura, na ni marufuku mfanyabiashara yeyote kupandisha bei ya malimao, ndimu, tangawizi, vitunguu saumu, sabuni na barakoa. Atakayekaidi atanyang'anywa meza. Likazunguka soko mara mbili. Mimi nilipiga makofi, haki ya Mungu nilipiga makofi, kwa sababu nilikuwa nimetoka kununua barakoa moja kwa hela ambayo juzi yake ingenipa boksi zima. Na niliwajua watu waliokuwa wamejaza tangawizi vyumbani na kufunga milango, wanasubiri wenzao wakohoe. Sheria ya kuwabana watu kama hao niliitaka jana, siyo leo.

Lakini kilichotokea ni kwamba hadi kufika mchana soko zima lilikuwa limetii, na mafungu yote yalikuwa yamekonda. Bei mia tano, palepale, haijasogea hata shilingi. Juu ya meza, malimao mawili. Pengine mawili na kimoja kidogo kama gololi, cha kumfurahisha mtoto. Jirani yangu wa meza, mama wa Mbeya tuliyekaa naye bega kwa bega miaka tisa, akaniangalia ninavyopanga manne chini moja juu akaguna. "Dada, unatafuta nini? Acha bei hapohapo kwenye jero, punguza fungu. Nani atakuja kuhesabu?"

"Mimi nitahesabu," nikamjibu.

"Mwee! Haya, hesabu. Wakija kukubeba usinitazame mimi."

Simlaumu, alikuwa na watoto wanne na gunia alinunua bei ileile niliyonunua mimi. Lakini mimi nilishindwa. Kupunguza fungu kimyakimya ni kumwibia mtu huku unamchekea na kumwita mpendwa. Kama bei imepanda, basi imepanda, mwambie usoni, akasirike, akutukane, aondoke akijua. Nikachukua boksi, nikachukua mkaa, nikaandika: LIMAO FUNGU 1000, YAPO MATANO. Nikalisimamisha mbele ya meza.

Siku ya tatu akaja afisa na mgambo wawili. Akalipiga picha boksi langu kwa simu, kulia, kushoto, na kwa mbele. Akaniambia kuna mwananchi amelalamika na kesho asubuhi nifike ofisi ya soko. Nilimuuliza mwananchi gani. Akasema nitamwona hukohuko.

Asubuhi nikaenda na sweta langu na hasira zangu, na kwenye kikapu nikaweka malimao matano. Ofisini walikuwa wawili, afisa mwenyewe na mwenyekiti wa soko, mzee mpole aliyemjua mama yangu. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Karatasi ilishaandaliwa mezani. Afisa akanisomea: mimi, jina langu kamili, nakiri kwamba kwa makusudi nimewaumiza wananchi wakati wa dharura kwa kupandisha bei. Nikisaini, nalipa faini, naendelea na meza yangu. Nisiposaini, meza inapewa mtu mwingine leo hii.

Meza ile, wewe msomaji, usiione ni mbao nne na misumari. Ndiyo iliyonisomesha. Ndiyo iliyomzika mama yangu kwa heshima. Kupata meza ndani ya soko lile watu wanasubiri miaka, na ukiitoka hurudi. Kalamu ilikuwa pale, na mkono wangu ulikuwa unaitaka kalamu ile, sitadanganya.

"Sisaini," nikasema. "Sijamuumiza mtu."

"Mama, umepandisha bei au hujapandisha?"

"Nimepandisha."

"Basi!"

"Basi nini? Wote tumepandisha. Mimi nimepandisha kwa maandishi."

Akaegemea kiti, akanionea huruma kama unavyomwonea mtu aliyelewa asubuhi. Akasema wenzangu wametii, yeye mwenyewe ni shahidi, ametoka kununua malimao muda huohuo na amelipa mia tano, bei halali. Tena akaugonga mfuko wa kitambaa uliokuwa pembeni ya kiti.

"Mheshimiwa," nikamwambia, na hapo nilikuwa natamka kila neno taratibu, "hebu yatoe tuyaone."

Angekataa ingekuwa vizuri kwake. Akayatoa. Mawili. Moja zuri, la pili upande mmoja umelainika mpaka kidole kinazama. Mimi nikatoa ya kwangu kwenye kikapu, manne chini, moja juu, nikayapanga mbele yake juu ya karatasi ileile ya kukiri. Nilimwona anagawanya kichwani: langu limao moja mia mbili, lake moja mia mbili na hamsini, tena ukilihesabu na lile bovu. Mwenyekiti akaanza kucheka, akajifanya anakohoa, na mwaka ule kukohoa lilikuwa jambo baya zaidi kuliko kucheka. Afisa akasogeza kiti nyuma.

Lo, nilijisikia mrefu! Nilisema mengi. Nilimwambia tangazo lao limewapa wajanja pa kujificha na mimi nisiyejificha limenitoa nje. Nilimwambia kama wanataka sheria, waende kwa aliyeniuzia gunia, na kwa aliyemuuzia huyo, na kwenye vyumba vilivyofungwa kwa kufuli, halafu wakitoka huko na mizani mkononi ndipo waje kwangu mwenye boksi. Mwenyekiti alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Nilijua nimeshinda, nimeiona meza yangu, hata nimeanza kufikiria leo nitaandika nini kwenye boksi.

Afisa akasema, kwa sauti ya chini, "Mlalamikaji aingie."

Akaingia mama mzee wa kule Pito, mguuni ndala, kitenge kimefungwa juu ya koti la kiume. Nikamtambua palepale. Nikasimama nikampa shikamoo, akaniitikia vizuri tu, "Marahaba mwanangu," akakaa. Afisa akamwomba aeleze, naye akaeleza kwa Kiswahili chake chenye Kifipa ndani, bila hasira yoyote. Mume wake alikuwa anakohoa siku ya nne. Ametembea kutoka Pito kwa miguu na mia tano yake. Amefika mezani kwangu kwanza, kwa sababu ndipo anaponunua siku zote. Ameambiwa elfu.

"Nikamwambia, mwanangu, nivunjie fungu, nina mia tano. Akasema fungu la hapa halivunjwi. Nikamwomba tena. Akasema, mama, anayetaka vipande aende meza nyingine. Nikaenda meza nyingine. Nikapewa mawili."

Nilikuwa bado nimewaka, bado natafuta ushindi. Nikamuuliza, "Mama, hukuona kwamba ni mawili tu? Hukujua kwamba wanakupunja?"

Akanitazama kama mama yangu alivyokuwa akinitazama nikikosea mbele za watu.

"Macho ninayo. Nilijua naibiwa. Lakini nilirudi nyumbani na malimao."

Mimi nilikaa. Nilikumbuka siku ile sawasawa, jinsi nilivyomjibu huku natazama pembeni, jinsi nilivyojiona mtu safi kuliko soko zima na fungu langu la mama yangu lisilovunjwa. Niliona aibu.

"Mama," nikamwambia, "kwako nimekosa. Nisamehe."

"Nimeshasamehe," akasema.

Afisa akaruka kama mtu aliyeokota hela. Akayaondoa malimao yangu juu ya karatasi, akaisogeza, akanipa kalamu. "Umesikia mwenyewe umekiri. Andika hivyohivyo. Saini hapa tumalize."

Na hapo hasira ikanirudia, tena yote. "Nimemwambia yeye," nikasema. "Wewe sijakuambia kitu. Yeye nilimnyima, nimemwomba radhi, amenisamehe, mbele yako. Wewe umenunua mawili na moja bovu ukasema ni halali. Kwenye karatasi yako sisaini, ng'o."

"Utakosa meza."

"Chukua."

Mwenyekiti akaniita kwa jina la ukoo wetu, taratibu, akaniambia nisiwe mkaidi, nimfikirie marehemu. Nikamjibu kwamba ninamfikiria. Nikachukua malimao yangu matano nikatoka.

Meza waliichukua kabla ya adhuhuri. Mgambo mmoja aliniletea boksi langu na ndoo ya maji, akasema pole, dada. Jirani yangu wa Mbeya alilia kuliko mimi, akawa anasema nilikuambia, nilikuambia, huku ananisaidia kufunga gunia. Gari la matangazo lilipita tena wiki ile, na tena wiki iliyofuata, na halikusema neno hata moja juu ya ukubwa wa mafungu.

Lakini alasiri ya siku ileile sikwenda nyumbani. Nimelala njaa sijui mara ngapi katika maisha yangu, na kila mara ilikuwa kwa kukosa, siyo kwa kususa. Nikatoka nje ya geti la soko, upande wa vumbi, nikatandika gunia chini, nikamwaga malimao bila kuyapanga, nikakaa nayo. Upepo ulikuwa mkali, watu wanapita wamejifunga mitandio usoni.

Yule mama mzee akanikuta hapo. Alikuwa amepitia mashineni kuchukua unga wake, anarudi Pito. Nikachota malimao matano kwa mikono miwili nikamnyooshea. "Mama, mpelekee baba. Ya bure."

Aliyatazama lakini hakuyagusa. "Mimi nilikuja kukuomba?"

"Hapana, mama."

"Nilikuja kununua." Akafungua ncha ya kitenge, akatoa sarafu ya mia tano. "Haya, niuzie."

Nikahesabu. Mia mbili, la kwanza. Mia mbili, la pili. Nikampapasia chenji ya mia, sina. Nikamwambia achukue tu la tatu, akakataa. Nikamwambia basi mia atanidai, akasema yeye hatembei Pito mpaka mjini kudai mia. Tukabaki tunatazamana, mkaidi na mkaidi, watu wanatupita.

"Kisu huna?" akauliza.

Nilikuwa nacho. Nikaliweka limao la tatu juu ya goti nikalikata katikati, maji yakaniingia kwenye mchubuko wa kidole nikauma meno. Akachukua mawili na nusu yake, akayafunga kwenye kitenge, akanitakia jioni njema. Nusu iliyobaki niliilaza juu ya gunia, uso juu. Haikukaa hata dakika mbili. Dada mmoja amebeba mtoto mgongoni akasimama, akainama, akaniuliza hiyo nusu nauza.

"Nauza," nikasema. "Mia. Na haipungui."